Doa la Mafuta Dakani

Watu wa siku hizi wakimwaga mafuta kwenye sakafu ya chokaa hukimbilia maji. Ni ujinga mtupu. Mafuta hayaogopi maji. Huyapanda mgongoni yakasafiri nayo, na doa lililokuwa la kisahani likawa la sinia. Kinachotoa mafuta ni kitu kikavu chenye kiu. Mwaga unga wa chokaa, uuache ulale, kisha uweke joto juu yake mpaka mafuta yapande yenyewe, ufagie, urudie. Na usitie ndimu. Ukitia ndimu usinihadithie, maana nitakasirika, na hasira hiyo ina miaka mingi kuliko wewe.

Haya niliyajua kwa doa moja lililokuwa kwenye daka la nyumba ya baba yangu, hapa Amu, yaani Lamu. Daka, kwa asiyezijua nyumba zetu, ni ule ukumbi mdogo ulio nje ya mlango mkubwa, wenye baraza za mawe kulia na kushoto. Hapo wanaume huketi, hupokea wageni, huangalia nani kapita, na kapita na nani. Wanawake hawaketi hapo. Na mimi wakati huo nilikuwa chini kuliko wanawake wengine, kwa sababu nilikuwa mwari: msichana wa miaka kumi na sita au kumi na saba aliyewekwa ndani kungoja harusi. Dakani sikuwa na ruhusa ya kufika hata kwa kivuli. Lakini doa lile lilikuwa langu.

Kuwekwa ndani si kifungo, walikuwa wakiniambia, ni heshima. Nilipewa heshima hiyo miezi saba. Nilisuguliwa, nikapakwa, nikalishwa, nikakatazwa jua. Chumba changu kilikuwa cha ndani kabisa, na pahali pa mbali kabisa nilipoweza kwenda ni kiwanda, ule ua wa katikati ya nyumba, ambapo ukiinua uso unaona kipande cha mbingu cha pembe nne. Mwezi wa kwanza nilifurahi kukiona. Mwezi wa nne nilikuwa nakichukia. Ndege akipita alichukua muda wa kuhesabu mbili tu, kisha hayupo, na mimi bado nipo.

Kazi niliyopewa ni kusugua shaba. Nyumba inayotarajia harusi hutoa masinia yake yote, mabirika, vinara, na kila kimoja kinataka kung'aa. Nilisugua kwa nusu ya ndimu iliyochovywa kwenye jivu, asubuhi mpaka vidole vikakunjamana, na kila sinia nililomaliza liliniangalia na uso wangu mwenyewe. Nikawa hodari wa kazi hiyo. Ikanijia fikira kwamba duniani hakuna uchafu usiotoka kwa ndimu na jivu.

Aliyekuwa karibu nami ni Somo. Kwetu mwari hupewa somo, mwanamke mtu mzima wa kumfunza na kumtunza mpaka siku yake. Wangu aliletwa nyumbani kwetu akiwa mtoto, mtumwa wa bibi yangu, na ndiye aliyenilea tangu nina meno mawili. Serikali ilikuwa imetangaza miaka michache nyuma kwamba utumwa umekwisha. Wengi wakaondoka nyumba za watu, wengine wakabaki. Somo alibaki. Mama alisema ni kwa sababu anatupenda, nami nikaamini, maana ilinifaa kuamini.

Kisha mlango. Lazima niueleze mlango wetu. Ulikuwa wa mbao mbili nzito za nakshi, kila ubao ukizunguka kwa jino la mti lililoingia katika tundu la kizingiti, na ulipofunguliwa ulilia. Haukulia kidogo. Ulilia kwa kilio kirefu kinachopanda, kikasikika jikoni juu ya dari, kikasikika chumbani kwangu, na majirani wakajua kwamba kwa bwana fulani kuna mtu anatoka. Watu walimshauri Baba aupake mafuta. Alikataa na alijivunia kukataa. "Mwango wangu ni bawabu asolala wala asohongwa," alikuwa akisema, na wageni wake wakicheka. Sisi tuliokuwa ndani tulijua maneno yale hayakuwa mzaha. Mlango ukilia, Mama huinua kichwa. Mlango ukilia mara moja na usilie mara ya pili, Mama hushuka kuangalia ni nani hajarudi.

Mwezi wa saba nikaingiwa na wazimu. Sina neno jingine. Sikutaka kukimbia, sikuwa na mtu wa kukutana naye, wala sikumchukia huyo mwanamume niliyepangiwa, ambaye sikumjua. Nilitaka kusimama mahali ambapo upande mmoja hauna ukuta. Nilitaka nisimame hapo kwa muda wa kuhesabu mia, kisha nirudi nikaolewe.

Nikapanga. Ijumaa adhuhuri wanaume wote huwa msikitini na mitaa hubaki mitupu. Mama huwa chumbani akisali. Somo huwa jikoni, juu darini, na moshi machoni. Kilichobaki ni yule bawabu asiyehongwa, nami nilijua hongo yake. Nilikuwa na bakuli la mafuta ya ufuta yaliyolazwa na maua ya asumini, ya kupaka nywele zangu, yaliyopikwa kwa ajili yangu peke yangu. Mtaa mzima hakukuwa na nyumba nyingine yenye mwari mwezi ule. Sikulifikiria hilo.

Ijumaa ile Baba alipotoka na mlango ukalia nyuma yake, nilihesabu mpaka sauti za miguu zikaisha mtaani. Nikashuka na bakuli. Nikamimina kwenye tundu la chini kidogo kidogo, nikausukuma ubao kwa bega, nikamimina tena. Tundu la juu sikulifikia. Kumbe kilio chote kilikuwa cha chini. Nikaondoa komeo. Ubao ukaja kwangu kimya kama mtu aliyelala, nikatoka na bakuli mkononi, kwa sababu sikuona pa kuliweka.

Nimeulizwa na moyo wangu mara nyingi: uliona nini? Sikuona kitu. Mtaa ulikuwa mwembamba kuliko nilivyoukumbuka. Mbele yangu, hatua nne, kulikuwa na ukuta wa nyumba ya jirani. Nilikuwa nimetoka kwenye kuta nikaja kuangalia ukuta. Hata hivyo upepo ulinipata usoni kutoka upande mmoja, si kutoka juu, na nilisimama pale nikihesabu, nikafika sitini na kitu.

Hapo akaja punda. Alikuwa punda wa mtu aliyeachiwa ajitafutie wakati mwenyewe yuko msikitini. Akakunja kona, akaniona, akapanda ngazi ya daka kama mgeni aliyealikwa, akaingiza pua yake ndani ya bakuli. Mafuta ya ufuta ni matamu, simlaumu. Nikavuta bakuli, yeye akasukuma, na mafuta yote yakaanguka sakafuni katikati ya daka.

Sakafu ile ilikuwa mpya. Baba aliipigisha upya kwa ajili ya harusi. Wanawake waliiponda kwa vibao na nyimbo, kisha fundi akaisugua kwa jiwe laini siku nyingi mpaka ikawa nyeupe na nyororo kama ganda la yai. Wenye mwana, yaani watu wa upande wa mwanamume, walikuwa waje kuketi hapo Ijumaa iliyofuata kukamilisha maneno. Na sasa katikati yake palikuwa na doa la rangi ya asali, kubwa kama kawa ya kufunikia chakula, linanukia asumini, na lilikuwa likiingia ndani mbele ya macho yangu.

Kama ingejulikana kwamba mwari alisimama dakani mlango wazi, maneno yangevunjika siku hiyo hiyo. Si hayo tu. Mwari aliyeonwa mtaani haposwi tena, au huposwa na mtu anayetaka kusifiwa kwa huruma yake. Ningekaa chini ya kile kipande cha mbingu mpaka nizeeke. Niliwaza hivyo nikakimbia ndani kuchukua kitu ninachokijua, nikarudi na ndimu na jivu.

Nikasugua. Sakafu ikatoa povu na sauti ndogo ya kuchemka, nikafurahi, nikidhani ni mafuta yanayokufa. Nikasugua kwa nguvu zote nilizozipata kwenye masinia. Nilipofuta jivu niliona kwamba mafuta yako pale pale, na kwamba ule uso laini wa fundi umeliwa. Palikuwa pamebaki kidonda cha chokaa, kikavu na chenye chembechembe, katikati ya doa.

"Umetia nini hapo?"

Somo alikuwa amesimama mlangoni. Hakuusikia mlango, alinusa asumini kutoka ngazini.

"Ndimu," nikasema.

"Ndimu ni ya shaba. Sakafu huliwa ni ndimu." Akaniangalia kichwa kitupu, akaangalia mtaa juu na chini, akaangalia punda. "Ingia ndani. Wamekwisha sali, wako ndiani."

"Niletee mai nioshe kwanza, Somo."

"Mai ya nini? Ingia, nimekwambia."

Nikaingia. Aliyoyafanya baadaye sikuyaona. Niliyasikia nikiwa nimeshika sinia kifuani. Alimfukuza punda. Alimwaga jivu kavu. Akatandika mkeka juu. Baba alipofika, alimkuta anafagia pembeni ya mkeka huo, naye akamwambia kwamba ameutandika sakafu isichafuke kabla ya wageni. Baba alimsifu kwa hilo.

Kisha Baba akaingia ndani, na mlango haukulia. Nilikuwa nimefikiria kutoka kwangu. Kurudi kwake sikukufikiria hata kidogo. Mama hakujua kwamba mumewe amerudi, chakula hakikutandikwa, na Baba akajikuta amesimama kiwandani peke yake katika nyumba yake kama mwizi. Akarudi mlangoni. Nilimsikia akiufungua na kuufunga, akiufungua na kuufunga, bila sauti. Aliporudi alikuwa ameshika vidole vyake viwili mbali na kanzu.

"Nani alotia mafuta mwango wangu?"

Mama akasema hajui. Somo akasema hajui. Mimi sikuulizwa, kwa kuwa mwari hana habari na milango. "Tayua," Baba akasema, yaani atajua, akatia jivu na mchanga katika lile tundu kwa mkono wake. Jumatatu mlango ulianza kulia tena, kwa sauti nyingine, ya kukwaruza.

Siku sita zile sitazisahau. Kila mtu alikuwa katika nyumba ile ile, akila katika sinia moja na mwenziwe, na kila mmoja alikuwa anamchunguza mwenziwe mikono. Mimi nilikuwa na kazi dakani nisiyoweza kuifikia. Aliyeifanya ni Somo. Wakati wa sala, wanaume wakiwa wameondoka, alichukua chokaa kavu aliyoiponda ikawa unga, akainua mkeka, akaimwaga juu ya doa. Kisha akachukua chuma cha kukaangia kilichojaa mchanga wa moto, akakiweka juu ya unga. Joto huyaita mafuta, aliniambia baadaye. Yakisikia joto hupanda, na yakipanda hukuta unga, nao huyanywa. Unga aliokuwa akiufagia siku ya kwanza ulikuwa wa rangi ya mkate wa kuungua. Siku ya tatu ulikuwa wa rangi ya mchanga.

Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, sikio juu ya ubao, nikisikia fagio. Nilitaka nimwambie afagie kwa upole, niliona kama anafagia juu ya ngozi yangu. Siku moja Mama alikutana naye ngazini na kile chuma.

"Mtanga huo wa nini?"

"Siafu, Bibi. Wameingia dakani."

Mama akatazama mchanga, akanusa, nadhani, kwani asumini ilikuwa imeshika nguo za Somo. "Haya," akasema. "Siafu ni wabaya." Akapita. Sikujua kumsoma Mama siku zile.

Kidonda cha ndimu ndicho kilichomshinda Somo. Mafuta yaliyobaki sehemu nyingine alikuwa ameyanywesha unga, lakini pale palipoliwa yalikuwa yamezama chini sana. Jumatano alichanganya chokaa laini na ute wa yai, akaziba, akasugua kwa kijiwe cha pwani mpaka jioni, kila alipopata nafasi. Akaja kunipaka nywele na vidole vimepasuka. Nilivishika nikalia. Akaniambia ninyamaze, nitavimba macho na wenye mwana watasema bibi harusi ni mgonjwa.

"Hapaonekani tena?" nikamuuliza.

"Kwa asoyua, hapaonekani."

Ijumaa ikafika. Wakaja baada ya sala, ami yake yule mwanamume pamoja na wazee wawili, na Baba akawapokea dakani. Mkeka ulikuwa umetandikwa vizuri. Baba akauondoa. Alikuwa amegharimika juu ya sakafu ile na hakuwa tayari kuificha. Alitaka waione, waisifu, wajue binti wanayemchukua anatoka nyumba gani. Waliisifu. Nilikuwa nyuma ya mlango na Somo pembeni yangu, na tulipowasikia wakisifu, alinibana mkono.

Kisha Baba akaita kahawa. Somo akaitoa mpaka mlangoni, Baba akaipokea mwenyewe: dele la kahawa juu ya jiko dogo la makaa. Akaliweka katikati, sawa baina ya baraza mbili, panapotakiwa. Nilipofahamu kwa mlio wake ameliweka wapi, nilimshika Somo nguo. Somo pia alifahamu. Alifumba macho.

Walizungumza, wakanywa, wakazungumza. Makaa yalikaa pale muda wote huo yakifanya kazi ile ile ya mchanga wa moto, ila safari hii hakukuwa na unga wa kunywa. Mwisho ami mtu akasogeza dele kando apate kunyosha mguu.

"Bwana," akasema, "sakafu yako yatoka jasho."

Wakacheka. Kisha mmoja akasema, taratibu, kama anayejisemea: "Asumini."

"Ni mafuta ya nywele haya," akasema ami mtu. Hakucheka sasa. "Dakani?"

Sitadai kwamba nilisikia Baba akifikiri, lakini mlango ule haukuwa mnene kiasi hicho. Alitia kicheko. "Watumishi hawa, Bwana," akasema. "Tangu Mzungu awaachie huru, hata bakuli hawayui kutukua. Alimwaga mwanamke wa nyumbani, akadhani mimi kipofu."

"Mtumishi wa namna hiyo mtu hamweki," akasema ami mtu. "Hasa penye mwari."

"Hakai," Baba akasema. "Kesho atoka."

Basi. Ilikuwa imesemwa mbele ya wageni, na jambo likisemwa mbele ya wageni lazima liwe kweli. Maneno ya harusi yakakamilika, fatiha ikasomwa, wakaondoka wameridhika. Siri ya mtungi aijuaye kata, wanasema, na sisi kata zote tulikuwa ndani ya mtungi mmoja.

Baba akaingia kiwandani akamwita Somo. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la chumba, Mama ameketi kwenye kiti akikunja nguo iliyokwisha kunjwa.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, Bwana."

"Na mwango?"

"Na mwango."

"Kwani nani akukatazao kutoka? Si we huru? Mwango ukilia wakudhuru nini?"

Baba akangoja. Kisha akalitazama pazia langu, si sana, muda wa kuvuta pumzi moja, akayateremsha macho. Nilijua hapo kwamba anajua. Hakuhitaji kuambiwa, alihitaji asiambiwe, na mimi nilikuwa na pazia la kitambaa chembamba mbele yangu, la kusukuma kwa kidole tu. Sikulisukuma. Nilijiambia nangoja aseme neno jingine. Hakusema.

Alfajiri Somo alikuja chumbani kuniaga. Mafurushi yake yalikuwa mawili na mkeka mmoja wa kulalia. Nikamwambia nitasema, nitamwambia Baba sasa hivi, kabla hajatoka kusali.

"Ukisema, mimi hufukuzwa vile vile," akasema. "Kazi yangu ilikuwa kukutunza, na sikukutunza. Na we utasalia humu. Tutakuwa tumeungua sote wawili. Nyamaa."

Ilikuwa kweli. Lakini niseme lililo haki: ilinifaa pia kwamba ni kweli, na sikutafuta kama kuna kweli nyingine. Nikamuuliza atakwenda wapi. Akasema Kipungani, kijiji cha mwisho wa kisiwa, ana mwenziwe kule, mwanamke aliyekuwa mtumwa kama yeye, wanasuka mikeka.

"Somo, mbona hukuondoka siku zote hizo? Ulikuwa na ruhusa."

Akafunga furushi lake la pili polepole. "Nalikungoja uolewe," akasema. "Halafu ningeondoka."

Akashuka. Nilimsikia akipita kiwandani, akiondoa komeo. Hakuvuta ubao kidogo kidogo kama mtu anayenyapa. Aliufungua wote, na mlango ukalia kile kilio kipya cha jivu na mchanga, kirefu, nyumba nzima ikasikia, na Mama akainua kichwa. Kisha tukangoja, Mama chumbani kwake na mimi kwangu, ulie mara ya pili. Haukulia. Somo aliuacha wazi, ikabidi Baba ashuke aufunge mwenyewe.

Niliolewa mwezi uliofuata. Siku tatu kabla, ilikuja zawadi kutoka Kipungani kwa mkono wa mvuvi aliyekuja na madafu: mkeka wa mviringo, mdogo, wa ukili uliosukwa kwa kubana sana. Wanawake waliokuwa wamejaa nyumbani waliupitisha mkono kwa mkono wakacheka. Wa kusalia haufai, ni mdogo. Wa kulia chakula, mdogo. Labda wa paka. Mimi nilijua kipimo chake. Nikaendelea kunyosha miguu nipakwe hina.

Mama alikuja akauchukua mikononi mwao. Hakuniuliza unatoka kwa nani wala ni wa nini. Alingoja mpaka wanaume walipokwenda kusali, akajifunika, akashuka. Nikasikia mlango ukilia. Nikasikia miguu yake hatua tatu, mpaka katikati ya daka, na kisha sauti ndogo ya ukili ukiwekwa juu ya chokaa na kulainishwa kwa kiganja. Mlango ukalia tena, akapanda, akakaa karibu nami, akaangalia hina yangu kama imeshika.

Doa lile halikutoka. Lilikuwa likirudi kila msimu wa joto, na kila mkeka mdogo ulipochakaa Mama aliagizia mwingine Kipungani, na mwaka mmoja ukaja mkeka uliosukwa na mkono mwingine, nasi tukafahamu. Kwenda kumwona akiwa hai sikwenda. Kwanza mume hakuniruhusu, kisha watoto, kisha nikaona haya, na haya ni mlango usiotaka mafuta wala mchanga.

Sasa Baba hayuko, Mama hayuko, na yule ami mtu na wazee wake wako makaburini. Hakuna anayeniuliza. Ni mimi. Ni mimi niliyetia mafuta mlango.